Usikimbilie sukari: vile mtu wa Goma anaweza kuelewa divai nyekundu ya Italia

Kwenye mahari ya binamu yangu, kule Himbi, muzee mmoja wa upande wa bwana harusi alileta shupa tatu za divai nyekundu ya Italia zimefungwa vizuri mu karatasi. Shangazi akamimina kidogo, akaonja, akakunja uso, akaniita: "Mwanangu, kuja hapa, hii divai imechacha, batu batatucheka." Nafika, kijiko cha sukari kiko ndani tayari, na cha pili kinakuja nyuma. Meza ya vijana wao wakaongeza soda juu. Mi nikabaki na shupa mkononi nasoma etiketi, Chianti Classico, na jogoo mweusi pale shingoni, ile alama ya hii divai, yaani divai haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inafanya tu ile kazi ilitengenezewa kufanya na sisi hatukuijua.

Simlaumu shangazi hata kidogo. Wengi wetu divai nyekundu tuliijua kwa ile ya kartoni yenye sukari, basi ukikuta ya Toscana, ule mkoa wa Italia Chianti inatoka, unadhani wamekuuzia siki. So kabla hujatoa pesa yako, jua kwanza vitu viwili: uchachu na ukakasi.

Uchachu ni ile inajaza mate pembeni ya ulimi, kama umekula marakuja haijaiva vizuri. Ukakasi ni kinyume chake, unakausha mdomo, fizi zinashikana, ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi. Kama hauna hata franga ya kununua divai unaweza kujizoeza nyumbani: chemsha chai ya majani, iache ilale dakika 20 bila maziwa bila sukari, halafu kunywa funda moja uizungushe mdomoni polepole. Ile unasikia ndio tanini. Mu divai inatoka mu maganda na mu kokwa za zabibu, na kidogo mu mbao ya pipa, ju divai nyekundu inakuwa nyekundu kwa sababu juisi inalala na maganda siku nyingi, zabibu nyingi nyeusi ukizikamua peke yake juisi yake inakuwa karibu haina rangi. Wakiacha maganda muda mrefu unapata rangi na ukakasi mwingi, wakiyatoa mapema unapata kitu laini.

Na Waitaliano hawanywaki hii kitu kavu kavu wamekaa wanangoja gari. Wanaiweka mezani na chakula, njo maana imetengenezwa na uchachu wa kukata mafuta na ukakasi wa kushikana na nyama. Jaribu hivi: chukua kipande cha fromaji ya Masisi na brosheti ya mbuzi yenye mafuta yake. Kunywa funda moja ya Chianti bila kula kitu, usikie vile inakwaruza. Sasa tafuna ile fromaji, meza, kunywa tena. Ile mikwaruzo inapungua, ju tanini imeshikana na protini za mu fromaji badala ya kushikana na mate yako, na nyuma yake unaanza kusikia matunda, kama kerize yenye uchachu na majani makavu kidogo. Mi siku niliifanya hii mara ya kwanza nilirudia mara nne mpaka fromaji ikaisha, mke wangu akauliza kama nimelipwa.

Haya, etiketi sasa. Hapa njo watu wanapoteaga, kwa sababu Italia jina kubwa la mbele wakati mwingine ni jina la mahali, wakati mwingine ni jina la zabibu, na hakuna mtu anakuambia ni ipi. Chianti ni mahali, zabibu yake ni Sangiovese. Barolo ni mahali, zabibu ni Nebbiolo. Barbera na Primitivo ni zabibu. Mtego mkubwa kuliko yote ni Montepulciano: Montepulciano d'Abruzzo inatengenezwa na zabibu inaitwa Montepulciano, lakini Vino Nobile di Montepulciano inatoka mu mji unaitwa Montepulciano kule Toscana na zabibu yake ni Sangiovese. Jina moja, divai mbili tofauti, bei pia tofauti, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja.

Zile herufi DOC (jina la mahali linalolindwa) na DOCG (daraja la juu yake) ni sheria. DOC ilianza 1963, DOCG za kwanza zikatoka 1980, na maana yake ni kwamba serikali imeandika zabibu gani, mipaka gani, na divai ilale muda gani kabla ya kuuzwa. Chianti Classico lazima iwe na Sangiovese angalau 80 kwa 100. Brunello di Montalcino, divai ingine ya Toscana, ni Sangiovese tupu, na haiuzwi mpaka mwaka wa tano baada ya mavuno. Hiyo haikuhakikishii kwamba utaipenda, ila inakuambia mu shupa kuko nini. Mipaka yenyewe ni ya zamani, Chianti iliwekewa mipaka 1716 na Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, kabla mtu yeyote hajaota kujenga Goma.

Sasa kwa nini zabibu ileile inatoa ladha tofauti? Hapa mtu wa Kivu ana faida, ju sisi tunajua kahawa. Unajua vile kahawa ya kule juu kwenye baridi inakomaa polepole na inakuwa na uchachu mzuri, na ile ya chini kwenye joto inakuwa nzito? Zabibu ni vilevile. Joto linaongeza sukari, sukari inageuka alkoli, na uchachu unashuka. Usiku wa baridi unalinda uchachu. Njo maana Primitivo ya Puglia, kule kusini kwenye kisigino cha Italia, jua linawaka, inakuja nzito, ya alkoli nyingi, ina ladha kama jamu ya matunda meusi, hata shangazi angeinywa bila sukari. (Na Primitivo ndio ileile Wamarekani wanaita Zinfandel, wataalamu walipima jeni zake wakakuta ni zabibu moja, asili yake Kroatia.) Kule kaskazini, mu vilima vya Langhe huko Piemonte, Nebbiolo inachelewa kuiva mpaka mwezi wa kumi, wakati ukungu umejaa mabondeni, na wengi wanasema jina lenyewe limetoka kwa neno nebbia, ukungu. Inatoka na rangi nyepesi, ukiangalia mu vere unasema hii ni ya watoto, halafu ukinywa inakushika fizi kama ndizi mbichi. Inanukia waridi na lami, ndiyo, lami ya barabara, usicheke. Barolo lazima ilale angalau miezi 38, na 18 kati yake mu pipa. Muda unalegeza tanini, so Barolo changa ni kununua ugomvi.

Lakini divai yenye mi nataka kila mtu wa Goma aionje mara moja mu maisha yake ni ya Etna, kule Sicilia. Etna ni volkano, na si ya kwenye picha, inalipuka kabisa kama Nyiragongo yetu. 1981 lava yake ilipita karibu na mji wa Randazzo ikameza mashamba ya mizabibu. Sisi tuliona 2002, tukaona tena 2021, tunajua vile mtu anarudi kesho yake anakuta shamba limekuwa jiwe. Na wale Wasicilia walifanya kama sisi: walichukua mawe meusi wakajenga kuta, wakapanga matuta, wakapanda katikati. Kila mtiririko wa lava una umri wake, ule wa zamani umeshavunjika umekuwa udongo, ule wa juzi bado mawe matupu, so mashamba mawili yanayotenganishwa na njia tu yanaweza kutoa divai zisizofanana. Kila kipande wanakiita contrada na jina lake linaweza kuandikwa kwenye etiketi. Zabibu yao kubwa ni Nerello Mascalese, na Etna Rosso lazima iwe nayo 80 kwa 100 ama zaidi. Inapandwa mpaka karibu mita 1,000, yaani bado chini ya Goma yetu ya mita 1,500, ila kule kuko winter na mzabibu unalala usingizi. Huku kwetu karibu na ikweta hakuna winter, mti haulali. Inawezekana kuudanganya kwa kuukata, kama Dodoma kule Tanzania wanavuna mara mbili kwa mwaka, lakini hiyo ni kazi ingine.

Kitu kingine cha ule udongo wa volkano ni kwamba uko na mchanga mwingi, na yule mdudu filoksera aliyekula mizizi ya mizabibu ya karibu Ulaya yote karne ya 19 anashindwa kutembea mu mchanga. Kwa hiyo Etna bado kuko mizabibu ya zamani sana inasimama kwa mizizi yake yenyewe, wakati sehemu nyingi za Ulaya walilazimika kupandikiza kwenye mizizi ya mizabibu ya Marekani, ju hiyo inamvumilia yule mdudu. Divai yake ni nyepesi kwa rangi, uchachu wazi, matunda mekundu, na nyuma kuko kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Nitakuwa mukweli, siwezi kukuambia ile harufu ni ya lava ama ni kichwa changu tu. Divai hainywi mawe. Udongo unafanya kazi kwa vile unapitisha maji, vile unashika joto na vile mti unateseka kidogo.

Halafu kuko mkono wa mtu. Amarone ya Valpolicella, karibu na Verona, wanavuna zabibu za Corvina na ndugu zake, halafu hawakamui. Wanazitandaza mu vyumba vya hewa siku 100 mpaka 120, zinakauka, zinapoteza kama theluthi moja ya uzito, sukari inajikusanya. Ni kama vile ndizi za kasiksi zinafukiwa kwanza ziive kabla ya kukamuliwa, hakuna mtu anakamua ndizi mbichi. Wakikamua, alkoli inafika 14 kwa 100 na zaidi, divai inakuwa nzito na kavu, ladha ya zabibu kavu na kakao. Wakiacha sukari ibaki inaitwa Recioto, na hiyo ni tamu kweli. Yale maganda yaliyobaki wanapitishia Valpolicella ya kawaida juu yake, inaitwa Ripasso, na kwa mfuko wangu Ripasso njo akili zaidi.

Pipa pia. Pipa kubwa la zamani halitoi ladha ya mbao, linaacha tu divai ipumue. Pipa dogo jipya la lita 225 linatia vanila na moshi. Ukiona divai inanukia vanila kuliko matunda, jua ni pipa linaongea.

Kununua hapa mjini: angalia shupa ilisimama wapi. Nilinunuaga moja kwenye magazini fulani, ilikuwa ya dirishani, jua la mchana linaipiga moja kwa moja, na mi nikafurahi ju bei ilikuwa ndogo. Nafungua, inanukia matunda yaliyopikwa na karatasi ya zamani. Ilikuwa imeiva ndani ya shupa. Uliza ya nyuma, ya gizani. Angalia kama bushoni inasukuma juu ama kuko alama ya kuvuja, acha. Na kama ni shupa yako ya kwanza kabisa, chukua Barbera, tanini kidogo uchachu mwingi, ama Montepulciano d'Abruzzo. Barolo usubiri, kwanza bei yake wakati mwingine ni ya mbuzi.

Kufungua. Kama hauna tirbushoni, usisukume bushoni ndani na mpini wa kisu, mi nilifanya hivyo, divai ikaruka mpaka kwenye shati nyeupe ya misa. Chukua visi ndefu, izungushe katikati ya bushoni mpaka ibaki kichwa tu, shika kichwa na pensi, bana shupa katikati ya miguu, vuta polepole huku unazungusha.

Joto zuri ni digrii 16 mpaka 18, na jioni ya Goma yenyewe iko karibu hapo, so si lazima frigo. Mchana ukikuwa moto, tia shupa mu beseni ya maji baridi robo saa. Mimina kidogo, theluthi moja ya vere, ili harufu ipate nafasi. Kama inakwaruza sana, imimine mu jagi, iache saa moja ipumue.

Kwa chakula: mbuzi na nyama ya ng'ombe, chukua Sangiovese ama Aglianico, zabibu ingine nyeusi ya kusini. Maharagi na sombe ya mawese, Barbera, ju ule uchachu unakata mawese vizuri sana. Sambaza za kukaanga zinagombana na tanini, mdomo unabaki na ladha ya chuma, kama ni lazima chukua Etna changa ama Lambrusco ya mapovu, iwe baridi.

Ikibaki, rudisha bushoni, weka mu frigo kama kuranti iko, siku mbili tatu bado inanyweka. Ikishakuwa siki kabisa usiimwage. Shangazi yangu anaiwekaka kwenye saladi ya kabichi na kitunguu, na hapo hakuna mtu wa kumfundisha.