Kupanga matengenezo ya kisiagi: vipuri vingi, ufunguzi mmoja

Juzi nilikuwa Chwele kwa mama mmoja ambaye kisiagi chake, yaani mashine ya kusaga mahindi, kilifunguliwa mara tatu ndani ya mwezi: kwanza mikanda, kisha nyundo (vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi), mwisho beringi ya upande mmoja. Kila mara wateja walirudi nyumbani na mahindi yao. Tuliketi tukapanga hivi.

1. Hesabu saa za kusaga, usihesabu siku. Kaunta buku na kalamu iliyofungwa kwa uzi ukutani vinatosha. Programu za simu sizipendi kwa kazi hii, maana mwenye mikono ya unga hagusi simu.

2. Tenganisha vipuri. Nyundo, chekeche, mikanda na beringi huchakaa kwa kazi, kwa hiyo hupangiwa. Swichi ya mota huungua stima ikirukaruka, iwe mpya au kuukuu. Hiyo usiibadilishe kwa tarehe. Weka moja ya akiba.

3. Funganisha kazi. Usikipe kila kipuri tarehe yake. Kinachoisha mapema ndicho kiamue siku ya kufungua. Kwa mama huyu ni nyundo, kila saa 200 (zako zisome kwenye kaunta buku lako). Ukishafungua, jiulize kwa kila kipuri: kitafika ufunguzi ujao?

Beringi iliyobaki ilikuwa na saa 840, na kwake beringi hudumu kama saa 900. Nilipoanza kuing'oa akauliza, "Fundi, mbona unatoa kitu kizima?"

"Mama, tupige hesabu. Umeinunua shilingi 1,500. Saa 60 zilizobaki ni sehemu moja ya 15 ya umri wake, yaani shilingi 100. Ikikufia siku ya soko, utapoteza ngapi?"

Akaniletea spana mwenyewe.

Ila kama ingekuwa na saa 300, nisingeigusa. Beringi inayozunguka kimya hufa mapema ikigongwagongwa bila sababu.

Kuna vipuri visivyobadilishwa kimoja kimoja hata kidogo. Mikanda hubadilishwa yote, kwa sababu ya zamani imeshavutika na mpya itabeba mzigo peke yake. Na nyundo, tafadhali, nyundo! Mwaka fulani nilibadilisha moja tu iliyovunjika. Ile mpya ilikuwa nzito kuliko wenzake waliochakaa, shafti ikaanza kutetemeka, nami nikapoteza siku nzima nikiilaumu mota. Nilipoweka kiganja juu ya nyumba ya beringi ndipo nikajua: ilikuwa inachoma. Tangu hapo ikivunjika moja, nabadilisha na ya safu inayoielekea, baada ya kuzipima zote mbili kwenye mizani ya duka. Wakati wa kugeuza nyundo ili pembe isiyochakaa ndiyo ipige mahindi, nageuza zote siku hiyohiyo.

4. Grisi. Kidogo. Ikijazwa kupita kiasi beringi hupata moto.

5. Spea zinunuliwe kabla ya Agosti. Mahindi mapya yakianza kuingia huwa bado na unyevu, huziba chekeche na kuielemea mota. Chekeche lililotoboka liondoke kabla ya hapo.