Kuteka maji ya bahari ya kupimia shaba

Swali letu: bahari ikizidi tindikali, shaba iliyo majini inabadilikaje? Anza na chupa. Ziwe za plastiki, zilowe wiki nzima kwenye asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, uzisuuze kwa maji safi ya maabara, kisha kila moja uitie katika mifuko miwili. Shaba tunayoitafuta ni nanomoli chache kwa lita, yaani kidogo mno, na vumbi la nguo yako linatosha kuharibu kazi.

Mwaka wangu wa kwanza pale Chwaka niliteka kwa ndoo ya bati. Zinki ikatoka nyingi ajabu, nikajiona mgunduzi. Nahodha akaigonga ndoo kwa kidole: "Mwanangu, na hii je?" Bati hupakwa zinki.

Siku hizi tunazima mashine mapema, tunasogea kwa pondo. Nateka omo, mbele ya chombo, mkono umeelekea maji yanakotoka. Shetri, kule nyuma, hapana, kuna mafuta. Boti iliyopakwa rangi ya kuzuia viumbe kuganda usiikubali, rangi hiyo mara nyingi ina shaba.

Teka alfajiri, urudie alasiri. Mchana nyasi za baharini hufyonza kaboni dioksidi na pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) hupanda, usiku hushuka. Andika saa na hali ya maji, yanajaa au yanakupwa.

Sampuli ya pH itie kwenye chupa ya kioo, ifurike, usiache povu. Pima kwanza, kabla ya lolote.

Sasa ndipo wengi wanapokosea. Chuja maji kwa kichujio cha maikromita 0.2, uyagawe mafungu mawili. La kwanza litie asidi hadi pH ishuke chini ya 2: hilo litakupa jumla ya shaba. La pili usiliguse kwa asidi, ligandishe: hilo ndilo la kupimia hali ya shaba. Jumla peke yake haikwambii kitu hapa, kwa sababu bahari ikiingia tindikali shaba haiongezeki, inabadilisha hali. pH ya juu ya bahari imeshuka tangu enzi za viwanda kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Inavyoshuka, kaboneti hupungua, na shaba iliyoshikwa nayo huachiliwa ikawa ioni huru, yaani shaba isiyoshikwa na kitu, ambayo ndiyo sumu kwa mwani mdogo. Ukitia asidi kila chupa, umevunja vifungo vyote na swali lako umelimwaga.

Kadimi, metali nyingine, nayo ipime, iwe shahidi wa kulinganisha: imeshikwa zaidi na kloridi, pH haiisumbui sana. Chuma kiache kwanza, kina ukaidi wake.

Chupa moja ya maji ya maabara iende safari nzima na irudi. Ikikutwa na shaba, sampuli za siku hiyo zimwage.