Kuunda Datsun 240Z ya Safari Rally kwa uwiano wa 1:24, hadi vumbi la mwisho

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kuunganisha modeli moja au mbili za plastiki na sasa anataka kuunda gari ambalo mtazamaji atalisogelea na kuliamini. Gari nililochagua ni Datsun 240Z namba 11, lile ambalo Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishindia East African Safari Rally mwaka 1971. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imewahi kutoa seti yake kwa uwiano wa 1:24. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi, kwa hiyo modeli yake hufikia takriban sentimita 17, ukubwa unaoruhusu mikanda ya viti kuonekana bila kukulazimu kutenga chumba kizima kwa ajili ya kazi hii.

Kanuni ninayoifuata tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: kila kitu kinachoingia kwenye modeli lazima kigawanywe kwa 24, si urefu peke yake, bali pia unene wa rangi, upana wa mkanda na hata ukubwa wa chembe ya vumbi. Modeli nyingi zenye vipande vyote mahali pake huonekana kama vitu vya kuchezea kwa sababu rangi yake, ikikuzwa mara 24, ingekuwa nene kuliko bati lenyewe.

Hatua ya 1: Picha kabla ya wembe

Kusanya picha za mashindano yenyewe. Gari lililoshinda linahifadhiwa na Nissan nchini Japani na limekwisha kukarabatiwa, hivyo picha zake za sasa zinafaa kwa maumbo na nafasi za taa, lakini haziwezi kukuonyesha hali liliyokuwa nayo barabarani. Jihadhari pia usichanganye picha za mwaka 1971 na zile za mwaka 1973, ambapo Shekhar Mehta alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Maandishi na vifaa vya nje vya magari hayo mawili havilingani.

Hatua ya 2: Kukata, kuosha na kujaribisha

Osha fremu za plastiki zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha ziache zikauke zenyewe. Kata kila kipande kwa koleo yenye makali bapa ukiacha kijisehemu kidogo cha shina, halafu kimalizie kwa wembe na msasa namba 400. Kabla ya kufungua gundi, shikanisha bodi, sakafu, dashibodi na vioo kwa utepe wa karatasi uone kama vinakaa sawa. Jaribio hili huchukua muda mfupi, na hukuonyesha mapema mahali ambapo mlango wa nyuma au kioo cha mbele kitagoma baada ya rangi kuongeza unene.

Hatua ya 3: Bodi

Tafuta mistari myembamba iliyoachwa na kalibu, hasa juu ya mabawa na pembeni mwa paa, uisugue kwa msasa namba 800 uliolowanishwa. Pitisha ncha ya wembe, kwa mgongo wake, kwenye mifereji ya milango na boneti ili kuiongezea kina kidogo, kwa kuwa rangi itaijaza. Mashimo madogo yazibe kwa puti ya plastiki, si ile ya gereji, ambayo ni nzito mno kwa kazi hii.

Puliza praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia zile zinazofuata, katika matabaka mepesi kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20. Rangi ya gari hili ni nyekundu, na nyekundu ni rangi inayopenyeza mwanga: ikikaa juu ya kijivu hufifia, ikikaa juu ya waridi hung'ara. Kwa hiyo, baada ya praima ya kijivu kukuonyesha kasoro zilizobaki, funika bodi nzima kwa tabaka jepesi la waridi kabla ya kuanza nyekundu. Matabaka manne mepesi ni bora kuliko mawili mazito. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, epuka kupuliza rangi za laka asubuhi yenye unyevu, kwani unyevu huganda juu ya rangi na kuacha ukungu mweupe. Subiri jua lipande. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, kwa maana kitambaa hakizuii mvuke wa thina.

Stika za maji zibandikwe juu ya uso unaong'aa. Uso usiong'aa huacha hewa chini ya stika, na hewa hiyo huonekana kama utando wa fedha ambao hauondoki tena. Lowanisha stika, iteleze mahali pake, sukuma maji nje kwa pamba, kisha pakaza kidogo dawa ya kulainishia stika ili ijikunje ndani ya mifereji ya milango. Ikikauka, funika kwa vanishi angavu.

Boneti huja baadaye. Ni nyeusi isiyong'aa, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuendesha gari kuelekea jua la magharibi: boneti inayong'aa humulika macho ya dereva. Tumia rangi ya kijivu kizito badala ya nyeusi kabisa, kwani kwenye kitu kidogo nyeusi halisi huonekana kama shimo.

Hatua ya 4: Ndani na chini

Hapa sikawii sana, kwani bodi ikishafungwa ni sehemu ndogo tu itakayoonekana. Paka ndani rangi nyeusi za aina tatu zinazotofautiana kidogo kwa mng'ao, ili mpira, ngozi na plastiki vitofautiane. Mikanda ya viti ikate kutoka kwenye karatasi laini iliyopakwa rangi, upana wa milimita 2, ambao ni sawa na sentimita 4.8 kwenye gari halisi. Chesisi ipakwe rangi ya msingi na kuachwa, kwa kuwa hatua inayofuata itaifunika.

Hatua ya 5: Vumbi na matope

Mashindano haya yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika msimu wa mvua za masika, kwa hiyo gari moja lilikutana na vumbi na matope katika safari ile ile. Amua kwanza modeli yako inasimama sehemu gani ya safari, kwani udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ya kati haufanani na udongo mweusi wa mbugani, ambao ukikauka huwa kijivu.

Unaweza kutumia udongo wa kweli, na binafsi naupenda kuliko poda za dukani, lakini kanuni ya 24 hapa haina msamaha. Chembe ya milimita 1 ikiwa kwenye modeli ni jiwe la milimita 24. Kaanga udongo kwenye kikaango kikuukuu hadi ukauke kabisa, utwange, kisha uchekeche kwa soksi nyembamba ya nailoni mara mbili. Kinachobaki mkononi kiwe laini kama poda ya mtoto.

Anza na vumbi kavu. Koroga poda kidogo katika tapentaini ya madini, ambayo haiyeyushi vanishi ya laka iliyokauka vizuri, upakaze chini ya milango, ndani ya matao ya matairi na kwenye mifereji. Ikikauka, futa kwa brashi safi kuelekea chini. Sehemu ya nyuma ya gari ipate vumbi zaidi kuliko ya mbele, kwa sababu hewa inayozunguka nyuma ya gari linalokimbia hulirudisha vumbi na kulibandika kwenye kioo na bampa. Kuzunguka vitasa vya milango vumbi lipungue, kwa kuwa mikono imepita hapo mara nyingi. Kwenye kioo cha mbele, kata utepe kwa umbo la njia ya waipa, uubandike, puliza vumbi jepesi lililochanganywa na vanishi isiyong'aa, kisha ubandue.

Matope yafuate, nayo yawe na rangi iliyokolea kuliko vumbi. Changanya poda na vanishi hadi iwe uji mzito, chovya brashi ngumu, na uirushe kwa kijiti kutoka nyuma ya tairi kuelekea mlangoni, kwa pembe ambayo tairi lenyewe lingerusha. Wengi hupaka matope sawasawa pande zote mbili. Barabara haifanyi hivyo.

Hatua ya 6: Kufunga

Vioo na lenzi za taa vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, kwani mvuke wa supagluu huacha ukungu kwenye plastiki angavu. Vioo vya pembeni, waipa na antena viwe vya mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyovunjika kwanza.

Kabla ya kuiweka modeli kwenye kasha la kioo, pitisha tabaka la foili nyembamba chini ya kila tairi. Matairi laini ya vinaili hutoa kemikali ambayo baada ya miezi huyeyusha rangi na plastiki inayogusana nayo, na ubao uliopakwa vanishi hauko salama. Kwa sababu hiyo hiyo, mimi hupaka rimu tabaka moja la ziada la vanishi ya laka kabla ya kuzivisha matairi.