Kumtunza Punda Dodoma Wakati wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, Dodoma huwa kavu, usiku huwa wa baridi na upepo wa mashariki huvuma karibu kutwa. Wafugaji wengi huhofia baridi, ingawa punda mzima aliyeshiba huistahimili vizuri. Kinachomdhuru zaidi msimu huu ni upungufu wa maji na malisho yenye vumbi au ukungu.

Kazi ya asubuhi ianze kwa kutazama, kabla hata ya kufungua zizi. Angalia kama mabua ya jana yamepungua horini, kisha angalia kinyesi: madonge yakiwa madogo, makavu na magumu, maji hayamtoshi. Punda huficha maumivu, kwa hiyo aliyejitenga, akainamisha kichwa na kususa chakula, asifungwe mkokoteni. Punda anayekaa bila kula huyeyusha mafuta ya mwilini mwake kwa kasi hadi damu inajaa mafuta, hali inayoweza kumuua kwa siku chache, hasa akiwa mnene au ana mimba. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Punda mmoja huhitaji maji lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea ukubwa wake na kazi anayofanya. Inasikitisha kwamba mnyama anayewabebea watu madumu kutoka kisimani mara nyingi ndiye anayerudi zizini na kiu. Tena ni mchaguzi: ndoo yenye utelezi ataisusa, basi isuguliwe kila siku. Maji yaliyolala nje huwa baridi sana alfajiri naye hunywa kidogo tu, hivyo mnyweshe tena jua likishapanda.

Mabua ya mtama, uwele au mahindi yanamtosha kama chakula kikuu. Yakung'utwe nje ya banda, kisha yanyunyiziwe maji kidogo kabla ya kuwekwa horini, kwa sababu vumbi lake huleta kikohozi kisichoisha. Mahindi na mabua yaliyoota ukungu yatupwe yote bila kuchambuliwa, kwani sumu ya ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa punda na haina dawa. Pumba apewe kidogo, tena anayefanya kazi nzito au anayenyonyesha tu. Akipewa nyingi kwa ghafla huumwa tumbo.

Banda lizibwe upande wa mashariki, sakafu iwe kavu, na samadi itolewe kila siku. Palipo na fisi, ua wa miiba ukaguliwe kabla ya giza.

Kwato zishughulikiwe kila jioni. Inua mguu mmoja mmoja, uchokoe kuanzia kisigino kuelekea mbele, ukitoa kokoto na miiba ya migunga. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari ili ukwato usipasuke. Iacheni, kwa kuwa inaunguza ngozi na haizuii nyufa. Kinachosaidia ni kuzipunguza kwato kila baada ya wiki 6 hadi 10 kwa mkono wa anayejua.

Mwisho ni mgongo. Kabla na baada ya kazi, pitisha kiganja mahali inapokaa sogi, yaani tandiko la kubebea mizigo. Ukikuta nywele zimekatika, joto au uvimbe, asibebeshwe mzigo hadi ngozi ipone, na chini ya sogi pawekwe blanketi lililokunjwa badala ya kiroba, ambacho hakinyonyi jasho.