Mzizi wa tatu kwenye gego la chini: jinsi ya kuutafuta na kuutibu

Gego la kwanza la chini tumelizoea na mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, sasa kuna yanayokuja na wa tatu umejificha nyuma upande wa ulimi. Watu wa asili ya Asia Mashariki wanao zaidi kuliko Waafrika au Wazungu ila mtafutie kila mgonjwa jamani, ukiuacha na bakteria wake jino linaweza kuendelea kusumbua hata kama mifereji mingine (njia zilizo ndani ya mizizi) umeijaza safi.

Hatua ya 1: eksirei mbili. Moja ya kawaida, nyingine sogeza mashine kuelekea mbele digrii 20 hadi 30. Kilicho upande wa ulimi kinahama kufuata mashine, cha shavuni kinaenda kinyume, kwahiyo mizizi iliyolaliana inaachana. Bado huelewi na CBCT (eksirei ya 3D) ipo? Itumie.

Hatua ya 2: ganzi, rabadamu (shuka la mpira la kulitenga jino), fungua jino. Tundu la pembetatu halitoshi, lipanue kona ya nyuma upande wa ulimi.

Hatua ya 3, hapa ndo utulie kabisa. Toa dari yote ya chumba cha ndani ya jino, osha, kausha, alafu isome sakafu yake. Ina giza kuliko kuta na ina vimistari vyeusi vinavyounganisha midomo ya mifereji, vifuate. Pima kwa macho mstari wa katikati kutoka mbele kwenda nyuma: mdomo wa mfereji wa nyuma ukiwa umeegemea shavuni basi mtafute mwenzake upande wa ulimi, umbali ule ule toka katikati. Bado huoni, jaza haipokloraiti (dawa ya kuoshea mifereji) uangalie viputo vinapanda wapi. Usichimbechimbe sakafu na drili, utaitoboa.

Hatua ya 4: faili (kisindano cha kusafishia mfereji) namba 8 au 10, ncha uikunje kwanza, kwasababu mzizi huu mara nyingi unapinda kuelekea shavuni na eksirei ya kawaida haionyeshi pindo hilo. Usisukume kwa nguvu! Osha, rudi, osha tena, mpaka namba 15 ipite kwa ulaini ndo ulete faili za mashine. Urefu wa mfereji pima na apeksi lokata (kifaa cha umeme kinachotafuta ncha ya mzizi), usikopi wa mfereji jirani.

Kusafisha na kujaza ni kama mifereji mingine. Ila faili likigoma kabisa usishindane nalo, weka kalsiamu haidroksaidi (dawa ya muda ya kuua bakteria), ziba vizuri, mpe mgonjwa rufaa kwa daktari wa meno mwenye darubini ya kukuzia.