Bati linatoa jasho, halivuji: jaribu haya kabla hujamwita fundi

Wadau wa Ngaramtoni na Sakina huku Arusha, mwezi wa 7 ukiamka alfajiri ukakuta shuka lina matone na nje hakujanyesha hata kidogo, tulia kwanza. Mi nilimwita fundi, akapanda, akapaka silikoni kila msumari, akachukua hela yake akasepa, usiku ule ule tone likanidondokea sikioni.

Maji yenyewe yanatoka humo ndani. Toa soda kwenye friji iweke mezani, baada ya muda chupa inalowa nje na haijatoboka popote, sasa bati ndo hiyo chupa. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba kama gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, ikipoa mpaka nyuzi 12 inaweza kama gramu 11 tu, ile ziada inageuka maji palepale penye baridi. Na ule usiku Mlima Meru unaonekana mpaka kileleni, hakuna wingu, bati linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa la baridi kuliko hewa yenyewe. Kukiwa na mawingu angalau kuna nafuu.

Mulika tochi juu. Likivuja utaona maji yanatokea sehemu moja na yanaacha doa, likitoa jasho ni vitone vidogo vidogo bati zima kama vipele.

Ukishajua, punguza mvuke: funika sufuria, usianike nguo mbichi chumbani, na hii ya gesi wengi hatuijui, kilo moja ikiungua inatoa maji zaidi ya lita moja na nusu, hata kama hujabandika kitu! Ukimaliza kupika fungua madirisha mawili yanayotazamana kama nusu saa hivi, najua baridi ya huku, vaa sweta. Ila jiko la mkaa usiingize kulala nalo eti upashe chumba joto, ile hewa yake haina harufu na inaua.

Dawa yenyewe ni silingi bodi, ila mwambie fundi aache matundu ya hewa huko juu, akiziba kote itakuja kulowa na yenyewe. Kama hela bado, sogeza kitanda: matone yanateremka na mteremko wa bati, yakifika kwenye papi (zile mbao bati linapopigiliwa) yanadondokea hapo, kwa hiyo usilale chini ya papi.