Namna ya Kuandika Riwaya ya Kutisha Juu ya Filamu au Mchezo wa Video: Mwongozo kwa Watunzi wa Mwanza

Aliyewahi kuketi katika kibanda umiza cha Kirumba au cha Igoma anaifahamu kazi ya mtafsiri wa filamu, yule anayeweka sauti yake juu ya sauti za wahusika na kuwaeleza watazamaji hata yale ambayo mhusika anayawaza tu, anayoyahofia, na aliyoyaacha nyumbani kabla ya picha kuanza. Mtunzi wa riwaya inayotokana na filamu au mchezo wa video hufanya kazi iliyo karibu sana na hiyo, ila yeye hutumia kalamu, na huifanya kwa kibali cha mwenye mali. Mwongozo huu unamhusu mtunzi wa namna hiyo, hasa yule anayevutiwa na bunilizi za kisayansi na visa vya kutisha.

Nchini Marekani hii ni kazi ambayo watu wameifanya kwa miongo mingi. Alan Dean Foster ndiye aliyeandika riwaya ya filamu ya Alien iliyotoka mwaka 1979, na kabla ya hapo, mwaka 1976, aliandika riwaya ya Star Wars ingawa jalada lilibeba jina la George Lucas. S. D. Perry, ambaye baba yake Steve Perry naye ni mtunzi wa fani hiyo hiyo, aliandika vitabu saba juu ya mchezo wa Resident Evil kati ya mwaka 1998 na 2004. Vitano vinasimulia upya michezo iliyokuwapo, na viwili ni visa alivyovibuni mwenyewe ndani ya ulimwengu ule ule. Anayeanza na aanze kwa kusimulia upya. Kubuni kisa kipya huonekana rahisi kwa kuwa kuna uhuru, lakini kunamlazimu mtunzi kukumbuka kila jina, kila kifo na kila tarehe iliyotajwa katika kazi zilizotangulia, na mashabiki hawasamehe kosa la aina hiyo.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, tafuta kibali. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kutafsiriwa au kugeuzwa sura, kwa hiyo hata kama mwongozaji wa filamu ni rafiki yako mnayekunywa naye chai kila jioni, andikianeni mkataba. Mkataba huo useme maandishi yatakuwa mali ya nani, malipo ni ya mkupuo mmoja au ni kwa kila nakala, una siku ngapi za kuandika, na nani ana neno la mwisho juu ya mabadiliko. Mimi niliwahi kuandika kurasa tisini kwa ahadi ya mdomo, na mwenye filamu alipouza haki zake kwa mtu mwingine, kurasa zile zikabaki za kufungia maandazi. Katika kazi hii mtunzi ni mpangaji: anaweza kupanga samani apendavyo, kupaka rangi, hata kufungua dirisha lililokuwa limepigiliwa misumari, lakini habomoi ukuta.

Ukishapata kibali, omba skripti, yaani maandishi ambayo filamu inapigwa kwayo, na usiridhike na filamu peke yake. Mara nyingi riwaya huandikwa wakati filamu bado inapigwa, ili zote mbili zitoke pamoja, na kwa sababu hiyo vitabu hivi huhifadhi matukio ambayo baadaye mhariri wa picha aliyakata. Riwaya ya Alien ina tukio la nahodha wa chombo cha angani kukutwa akiwa hai ndani ya kifuko alichofungiwa na kiumbe, tukio ambalo halikuonekana katika filamu ya mwaka 1979 hadi lilipoingizwa katika toleo la mwaka 2003. Uliza, basi, ni nini kilichokatwa na kwa nini. Kilichokatwa kwa sababu fedha au mwanga havikutosha, kwako ni mali, kwani karatasi haihitaji jenereta.

Sasa tuje kwenye kiini cha kazi. Tuchukue mfano wa kubuni, ukurasa wa skripti wenye maneno haya tu: «Nje. Ziwani. Usiku. Wavuvi wa dagaa ndani ya mtumbwi. Taa nne zinaelea. Moja inazimika. Masumbuko anageuka.» Katika filamu hayo ni sekunde sita. Mtunzi mvivu ataandika kwamba taa moja ilizimika na Masumbuko akageuka, na atakuwa amemnyima msomaji picha bila kumpa kitu badala yake. Mtunzi anayeijua kazi atajiuliza kwanza taa zile ni za aina gani. Kama kisa ni cha miaka ya nyuma, ni karabai za mafuta ya taa, na karabai hunguruma. Kuzimika kwake husikika kabla hakujaonekana, kwa maana mngurumo mmoja kati ya minne unakatika. Kama kisa ni cha leo, ni taa za betri zisizotoa sauti, na hofu itabidi iingie kwa mlango mwingine, pengine kwa wadudu waliokuwa wameizingira taa kuhamia usoni mwa mvuvi. Tukichagua karabai, aya inaweza kuwa hivi:

«Masumbuko hakuiona taa ikizima. Alikuwa ameipa mgongo, anahesabu kichwani deni la tajiri, fedha za mafuta na za nyavu, alipohisi kwamba usiku umepungua kitu. Miaka kumi na moja alikuwa amelala na kuamka ndani ya mngurumo wa karabai nne, na sasa masikio yake yalimletea tatu.»

Katika aya hiyo hakuna tukio lililoongezwa. Taa imezima na mtu anakaribia kugeuka, kama skripti inavyotaka. Kilichoongezwa ni deni, ni miaka kumi na moja, ni mazoea ya sikio. Chagua matukio kama hayo matano au sita katika skripti nzima, yachimbe mpaka chini, kisha yale ya mtu kupanda bodaboda kwenda mwaloni yapitishe kwa sentensi moja.

Kuhusu kiumbe cha kutisha chenyewe, kicheleweshe. Foster alinyimwa picha ya kiumbe cha Alien alipokuwa akiandika, ikambidi asikieleze sana, na kitabu hakikupungukiwa na kitu. Upande wa sayansi, hata hivyo, usiwe bahili wa ukweli. Ziwa Victoria ni pana mno lakini si la kina kirefu. Mahali penye kina zaidi ni kama mita 80, kwa hiyo chombo cha angani chenye urefu wa mita mia tatu hakiwezi kusimama wima chini yake pasipo watu wa Ukerewe kukiona. Wataalamu wanaeleza pia kwamba ziwa hili lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kiumbe chako kilikuwa wapi wakati huo? Swali hilo pekee linaweza kukupa sura nzima ambayo skripti haikuiwazia.

Jambo lingine linalowashinda wengi kwetu ni uchawi. Mvuvi akipotea usiku, wahusika watasema amechukuliwa, na watasema hivyo kwa sababu ndivyo watu wasemavyo. Waache waseme, waache wabishane. Wewe msimulizi, ukiwa umeahidi bunilizi ya kisayansi, shika sababu yako nyingine mkononi na udondoshe dalili zake pole pole, ili maelezo mawili yatembee sambamba.

Anayegeuza mchezo wa video ana mzigo wa ziada, kwa kuwa mchezo una njia nyingi. Resident Evil ya kwanza humtaka mchezaji achague kati ya Chris na Jill. Perry aliwaweka wote wawili katika kisa kimoja, akiruka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Fanya vivyo hivyo, na uondoe yale mambo ya kutafuta funguo chumba hadi chumba, yanayomfurahisha aliyeshika vidhibiti na kumchosha anayesoma.

Rasimu ikikamilika, usiipeleke kwanza kwa mwenye filamu. Mpe mtu ambaye hajaitazama kabisa, akae nayo siku mbili, kisha umwombe akusimulie kisa. Mahali atakapokwama na kusema «nadhani hapa ilibidi uone picha», weka alama ya wino mwekundu, na uanzie hapo kuandika upya.